Moshi Mweusi si Nguvu: Namna Mafuta na Hewa Vinavyokutana Ndani ya Injini ya Dizeli

Na Mwanachama wa Pemba



Msimu wa karafuu unapokaribia kila mtu hutengeneza vyombo vyake. Majamvi hukung'utwa, magunia hushonwa, kamba za kupandia hujaribiwa. Lakini chombo kimoja aghalabu husahauliwa, nacho ni katika vile vinavyokula fedha nyingi: injini ya dizeli. Wengine tunayo, wengine twaikodi. Iko katika gari ya kuchukulia magunia, iko katika mashua, iko katika mashine ya kuvutia maji. Twaitia mafuta, twaiwasha, na ikitoa moshi twasema, "Ndiyo kazi yake."

Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka msimu mmoja uliponifunza.

Gari yangu ni ndogo ya mizigo, ya silinda nne. Msimu ule ilianza kupungua nguvu. Kila tulipopanda kilima ilivuta pumzi kwa taabu, na vilima vya Pemba twavijua: hujamaliza kimoja umeshaanza kingine. Kijana anayeniendeshea akaniambia, "Mzee, gari haishibi mafuta." Tukaipeleka kwa fundi mmoja, naye akaifungua pampu kidogo kwa bisibisi ili mafuta yazidi. Siku mbili tatu tukaiona kama imeamka. Ilinguruma, ikatoa moshi mweusi kama wa tanuri la chokaa, nasi tukafurahi, tukidhani moshi ule ndio nguvu.

Safari ya tano, tumepakia magunia kumi na mawili ya karafuu kavu, gari ikashindwa katikati ya kilima. Mvua nayo ikashuka. Turubali letu lilikuwa dogo, na magunia manne yakarowa. Karafuu zile zikabidi kuanikwa upya, na zilipofika kituoni hazikupata daraja nililolitarajia. Usiku ule nikakaa na daftari langu, nikaona kwamba kwa safari zile zile na njia zile zile nilikuwa nimenunua mafuta mengi kuliko msimu uliopita.

Asubuhi nikamwendea mzee mmoja aliyetengeneza injini za mashua tangu ujana wake. Hakugusa pampu. Aliuliza neno moja tu: "Chujio la hewa mmelitazama lini?" Mimi na kijana tukatazamana. Mzee akalifungua, akalibisha taratibu juu ya jiwe, likamwaga vumbi jekundu na mapepe ya majani makavu. Akacheka, akasema, "Bwana, mmepandisha utambi, na dirisha mmelifunga."

Maneno hayo ndiyo asili ya makala haya. Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma, na nimeona yafaa tuyajue sote, kwani si mambo ya mafundi peke yao.

Mioto mitatu ya nyumbani

Kabla hatujaingia ndani ya injini, na tuitazame mioto mitatu ambayo kila mmoja wetu ameiona.

Wa kwanza ni kibatari. Mafuta ya taa hupanda kwa utambi, hugeuka mvuke, huwaka kwa mwale wa manjano, na dari juu yake huwa nyeusi. Kwa nini? Kwa sababu mvuke ule haukuchanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Hewa huukuta nje tu, ukingoni mwa mwale. Mafuta yaliyo katikati yapata joto bila ya hewa, na joto bila ya hewa haliyachomi mafuta, bali huyageuza vijipande vidogo mno vya makaa. Vijipande hivyo vikiwa vya moto ndivyo vinavyotoa ule mwanga wa manjano. Vikifika ukingoni na kuipata hewa vingali vya moto, huungua vikaisha. Vikipoa kabla ya kuipata, huwa masizi.

Wa pili ni kandili. Utambi ni ule ule, lakini kuna chimni na matundu ya kuingizia hewa kutoka chini, kwa hivyo mwale hutulia na masizi hupungua. Sasa upandishe utambi. Ukipandisha kidogo, mwanga wazidi. Ukipandisha kupita kiasi, chimni yaingia weusi na mwanga wapungua. Mafuta yamezidi, na matundu ya hewa ni yale yale.

Wa tatu ni jiko la pampu. Mafuta ni yale yale ya taa, lakini mwale wake ni wa buluu na sufuria haipati masizi. Hapo mafuta yamegeuzwa mvuke kwanza, yametoka kwa kasi katika kitundu chembamba, na kasi ile imeivuta hewa na kuchanganyika nayo kabla ya moto kuanza. Lakini kila anayelijua jiko hilo anajua pia kwamba usipolipasha moto kwanza kwa spiriti, hutema mafuta mabichi, na mwale wa manjano hupanda hata karibu na nyusi za mpishi.

Basi mafuta ya aina moja yametoa mioto mitatu mbalimbali. Kilichobadilika ni namna mafuta yalivyokutana na hewa, na kwamba yalikutana kabla ya kuwaka au baada yake. Injini ya dizeli ina mioto yote hii ndani ya silinda moja, na fundi mwema ni yule anayeusogeza moto wa kibatari uwe karibu na moto wa jiko la pampu.

Injini isiyo na plagi

Injini ya petroli huvuta mafuta na hewa vikiwa vimekwisha kuchanganyika, au hupewa nafasi ya kuchanganyika, kisha cheche ya plagi huvitia moto. Dizeli haina plagi ya namna hiyo. Yenyewe huvuta hewa tupu. Pistoni hupanda ikaibana hewa ile mpaka sehemu 16 hadi 20 zikawa sehemu 1. Mwenye kutia upepo baiskeli kwa pampu ya mkono amewahi kuisikia pampu ikipata moto: hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya dizeli mbano ni mkubwa mno na wa ghafula, hata hewa hufika nyuzi 500 za sentigredi na zaidi. Mafuta ya dizeli huweza kuwaka yenyewe katika joto lisilofika nyuzi 300. Kwa hivyo yakirushwa ndani ya hewa ile huwaka bila ya cheche.

Fikra hii ilifuatwa na Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1892, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilipimwa mbele ya wataalamu ikaonekana inageuza zaidi kidogo ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za siku hizo hazikufika nusu ya hapo. Kwa kubana kwake sana, na kwa kuwa hewa yake haizibwi njiani kama ya petroli, dizeli imekuwa chombo cha watu wa mizigo toka zamani hizo hadi leo.

Lakini neema hiyo ina sharti lake. Kwa kuwa mafuta huingia mwishoni kabisa, hewa ikiwa imekwisha kuwa ya moto, hayana wasaa wa kuchanganyika. Yataka yapasuke, yageuke mvuke, yaitafute hewa na yaungue, yote kwa mara moja. Hapo ndipo matata yote ya dizeli yanapozaliwa.

Hesabu ya hewa

Watu wengi hudhani injini hula mafuta tu. Tufanye hesabu. Kilo 1 ya dizeli yahitaji kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote. Lita 1 ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi, basi yataka kilo 12 za hewa. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, kilo 12 za hewa ni kama lita 10,000. Kila lita moja unayoinunua, injini yako lazima ivute lita 10,000 za hewa zipite katika chujio, na hicho ndicho kiasi cha chini kabisa. Tangi la lita 50 lahitaji hewa lita 500,000. Tukilijua hilo, hatutashangaa tena kwa nini chujio lililojaa vumbi huiua gari.

Tena dizeli haitosheki na kiasi hicho. Hata inapofanya kazi ya nguvu zake zote, hutengenezwa ipate hewa zaidi ya hesabu, kwa sehemu ya tano, au robo, au kuzidi. Hapa msomaji atauliza: ikiwa hewa imezidi, masizi yatoka wapi? Jibu ni kwamba hewa kuwamo ndani ya silinda ni jambo moja, na mafuta kuifikia ni jambo jingine. Kibatari nacho kimekaa ndani ya chumba kizima chenye hewa tele, na bado kinatoa masizi. Pembeni mwa silinda mna hewa isiyoguswa, na katikati ya mchirizi wa mafuta mna mafuta yanayokaangika bila ya hewa, na mlango wa kutokea unakaribia kufunguliwa.

Muda wa kupepesa jicho ni mrefu mno

Gari inapopanda kilima kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wachukua sehemu 30 za elfu ya sekunde. Mafuta hurushwa kwa muda wa sehemu 2 hivi za elfu ya sekunde. Ukipepesa jicho mara moja, injini imekwisha kuzunguka mara kadha wa kadha. Na mafuta yanayorushwa kila mara ndani ya silinda moja ya gari ndogo ni kidogo hata hayatimii tone moja la maji. Tone hilo lakutana na nusu lita ya hewa iliyobanwa ikawa kama vijiko viwili vya chakula. Katika muda huo mambo manne hupita.

La kwanza ni kupasuka. Mafuta hupita katika vitundu vyembamba vya nozeli, na mbano wa pampu huyapasua yakawa ukungu. Faida ya ukungu twaweza kuihesabu. Chukua tone la upana wa milimeta 1 ulipasue kuwa vitone vya upana wa sehemu 1 ya mia ya milimeta. Utapata vitone 1,000,000, na ngozi yao yote kwa jumla, yaani sehemu inayoguswa na hewa, itakuwa mara 100 ya ngozi ya lile tone moja. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza yaipoteza faida hiyo yote.

La pili ni kungoja. Mafuta hayawaki papo hapo. Hupita muda mfupi sana, kama sehemu 1 ya elfu ya sekunde au pungufu, huku ukungu ukigeuka mvuke na kuanza kuchanganyika na hewa. Mafuta yaliyokwisha kuchanganyika wakati huo wa kungoja ndiyo yanayolipuka kwanza, tena yote kwa pamoja. Huo ndio ule mlio wa kugonga tunaousikia. Injini ikiwa baridi asubuhi, kungoja huwa kurefu, mafuta yaliyojilimbikiza huwa mengi, na kugonga huzidi. Mwenye kuchanganya petroli katika dizeli huurefusha muda huo wa kungoja, kwani petroli ni nzito kuwaka yenyewe.

La tatu ni moto wenyewe. Baada ya mlipuko wa kwanza, mafuta yanayoendelea kuingia huungua kwa kasi ile ile yanavyoipata hewa, si zaidi. Hata kama umeyaongeza, hayataungua upesi kuliko yanavyokutana nayo. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kila kitone huungua peke yake, kimezungukwa na mwale wake. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, John Dec, wa maabara ya Sandia, alieleza yaliyoonekana kwa kumulika ndani ya injini kwa miali ya leza. Mafuta yote hugeuka mvuke karibu na nozeli. Kisha mvuke huo huanza kuungua ukiwa na kama robo tu ya hewa unayoihitaji, na hapo ndipo masizi yanapoanza kuumbwa, katikati ya mchirizi. Mwale mwembamba wenye joto kali umeuzunguka mchirizi wote kama gamba, na kazi yake ni kuyamaliza masizi hayo yanapofika ukingoni penye hewa. Twaweza kusema ni kibatari kilicholazwa ubavu.

La nne ni kufuta. Masizi mengi sana huumbwa ndani ya kila silinda, hata katika injini nzima isiyo na kosa, lakini karibu yote huungua kabla ya vali ya moshi kufunguka. Moshi tunaouona ni yale yaliyochelewa tu. Na hapa kuna jambo ambalo sikulijua: masizi yenyewe ni sehemu ndogo ya mafuta. Hasara kubwa ni ya yale mafuta yanayoungua kwa kuchelewa, pistoni ikiwa imekwisha kushuka. Joto lao halimsukumi mtu. Huenda likachoma vali na bomba, huichafua oili, na bei yake umekwisha kuilipa. Moshi mweusi ni mjumbe wa hasara hiyo.

Mafundi walivyowasaidia mafuta na hewa kukutana

Historia yote ya dizeli ni historia ya kuharakisha makutano haya. Diesel mwenyewe aliyapuliza mafuta kwa hewa iliyobanwa na mtambo mwingine. Yalipasuka vizuri, lakini mtambo ule ulikuwa mzito, haukufaa gari. Mwaka 1909 Prosper L'Orange wa Ujerumani alipata hati ya kijumba kidogo pembeni ya silinda, ambamo mafuta huanza kuwaka kisha hutemwa nje kwa nguvu na kuichafua hewa yote. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilianza kutoa kwa wingi pampu za kusukuma mafuta bila ya kupuliza hewa, na dizeli ikaweza kuingia barabarani. Mwaka 1931 Harry Ricardo wa Uingereza alitengeneza kijumba cha mviringo kinachoizungusha hewa kama kimbunga, ili hewa ndiyo iyaendee mafuta.

Baadaye njia ikawa kuongeza mbano na kuyapunguza matundu. Nozeli nyingi za zamani zilifunguka kwa mbano wa kilo 100 hadi 250 juu ya kila sentimeta ya mraba. Gari nyingi mpya hutumia 1,600 na hata zaidi ya 2,000, kwa vitundu ambavyo unywele waweza kuviziba. Mchirizi ukitoka kwa kasi hiyo huivuta hewa nyingi kabla ya kufika penye moto, kama lile jiko la pampu. Majaribio yameonyesha kwamba mafuta yakipata zaidi ya nusu ya hewa yao kabla ya kuingia motoni, masizi karibu hayaumbwi. Na tabo, ile feni inayozungushwa na moshi, huisukuma hewa ili iwe nyingi zaidi ndani ya silinda ile ile.

Tusidhani lakini kwamba mambo yamekwisha. Moto ukipata hewa vizuri huwa mkali mno, na katika ukali huo naitrojeni ya hewa nayo huungana na oksijeni, ikatoa gesi chafu inayodhuru mapafu. Ukiupoza moto, masizi hurudi. Fundi hukaa baina ya maadui wawili. Mwaka 1979 Wajapani, akina Onishi, walionyesha injini ambayo mafuta na hewa vilichanganyika kabisa kwanza, kisha vikawaka vyenyewe mahali pengi kwa pamoja kwa kubanwa tu. Njia hiyo yaweza kupunguza masizi na gesi ile pia, lakini ina taabu yake: hakuna anayeuamuru moto saa ya kuanza, huamua wenyewe kwa joto lililopo. Ndiyo maana wataalamu wameshughulika nayo miaka mingi, na dizeli ya kawaida bado iko kazini.

Kuusoma moshi

Turudi kwetu. Mwanachama hahitaji leza. Asimame nyuma ya gari yake, mbali kidogo na upepo ukimpa mgongo, na autazame moshi.

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, au hayaifikii. Kwanza tazama chujio la hewa. Kisha mipira ya tabo, ikiwa ipo, isiwe imepasuka. Kisha nozeli, huenda zinadondosha. Kisha pampu, huenda kuna mtu aliyeifungua. Mwisho jiulize juu ya mzigo wenyewe: huenda gari ni nzima, na kosa ni magunia matano ya kuzidi. Kupanda kilima kwa gia kubwa, mguu ukikandamiza hadi chini, ni kupandisha utambi vile vile. Rudisha gia upesi.

Moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta, unaochoma macho, ni mafuta yaliyogeuka mvuke yasiwake. Injini ni baridi mno, au mbano umepungua kwa ringi na vali kulika, au mafuta yanarushwa kwa kuchelewa. Ukitoka asubuhi ukaisha baada ya dakika chache, si neno. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, mwite fundi. Na ikiwa mweupe usio na harufu hiyo, huku maji ya rejeta yakipungua, basi maji yanaingia ndani ya silinda.

Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua. Huo hauhusu nozeli wala chujio. Ni ringi, vali, au tabo iliyochoka.

Kabla ya msimu

Kwa hivyo nawausia wenzangu mambo haya machache, ambayo mengi hayana gharama kubwa.

Fungua chujio la hewa kila wiki wakati wa msimu, kwani njia zetu za shamba zina vumbi na magunia yanamwaga mapepe. Likichoka, nunua jipya. Usithubutu kuliondoa gari ikaenda bila ya chujio, kwani vumbi litazikwangua silinda, na ukarabati wake waweza kumeza mapato ya msimu.

Badili chujio la mafuta kwa wakati, na mwaga maji yaliyokaa chini yake. Maji huingiza kutu ndani ya pampu na nozeli, na tundu lililolika halipulizi tena ukungu.

Peleka nozeli kupimwa kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Onyo kubwa hapa: mtu asiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli inayopuliza. Mbano ule huyapenyeza mafuta chini ya ngozi bila ya maumivu makubwa mwanzoni, na mkono waweza kukatwa. Aliyepatwa na hayo aende hospitali saa ile ile, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano.

Usichanganye mafuta ya taa wala petroli katika dizeli kwa kutafuta nafuu. Mafuta ya taa hayaipi pampu ulaini inaoutaka, na petroli huharibu wakati wa kuwaka.

Usiruhusu mtu aifungue pampu kabla hajakuonyesha kwamba hewa inaingia vizuri. Kwa gari mpya zenye kompyuta, sharti ni hilo hilo.

Tena tujihadhari na moshi wenyewe. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Basi mashine isiwashwe ndani ya ghala iliyofungwa, watoto wasikae nyuma ya gari inayonguruma, na gari isiegeshwe ikiwaka penye majamvi ya karafuu. Mnunuzi wa karafuu hununua harufu. Tusimuuzie ya moshi.

Kwa upande wangu, mzee yule alitia chujio jipya, akairudisha pampu mahali pake pa zamani, akanitoza fedha kidogo kuliko nilizomlipa yule aliyeifungua. Siku ya pili tukapakia magunia kumi na mawili, tukakikabili kilima kile kile. Nilimwambia kijana asimame juu, nikashuka nikatazama nyuma. Bomba lilikuwa likitoa joto tu, na njia tuliyopita ilikuwa nyeupe.

Kijana akaniuliza, "Mzee, mbona haingurumi kama zamani?" Nikamwambia, "Zamani ilikuwa ikilia. Twende, mvua isitukute."